Mlango Uliouliza Habari za Nyumbani

Sekela Mwambene alipiga hodi kwa mara ya kumi na tisa asubuhi ile, na kwa mara ya kumi na tisa mlango wa Banda la Saba ukamjibu bila kusita.

"Karibu, Sekela. Umeamkaje? Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Karibu ndani."

Sekunde nne. Mlango wa chuma ukateleza kando, ubaridi ukamgusa miguuni. Sekela hakuingia. Aliufunga, akarudi juani, akaandika kwenye kishikwambi chake: nne. Juu yake zilikuwa zimejipanga nne nyingine kumi na nane. Alitamani kuupiga teke mlango ule. Akaupiga, na mguu ukauma, na mlango haukujali.

Jumapili iliyotangulia, mlango huohuo ulikuwa umemwacha Mama Nyemo Chilongani nje kwa zaidi ya dakika kumi. Mama Nyemo ndiye mshika zamu wa banda hili. Bila yeye kutambuliwa na mfumo, mitambo ya ubaridi haiwaki na mlango haufunguki. Ilikuwa saa sita na robo mchana, joto nyuzi arobaini na nane, na nyuma yake walikuwa wamesimama watu sitini. Mji wa Chilangwe ulikwisha kuzoea: kuanzia saa sita hadi saa tisa hakuna anayebaki nje, kila mtu anashuka kwenye banda lililochimbwa karibu naye, anakaa kwenye benchi, anasubiri jua lipungue ukali. Siku ile walisubiri mlangoni. Fundi baiskeli mmoja, Mzee Masinjisa, aliketi kwenye ngazi apumzike kidogo. Mlango ulipofunguka wakamwita aingie, hakuitika.

Kampuni iliandika taarifa yake jioni ileile. Mshika zamu alichelewa kufungua. Alhamisi tume ya wilaya ingekuja kusikiliza, na ikiikubali taarifa hiyo, Mama Nyemo angeshtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Miaka kumi na minne kati ya hiyo alikuwa amefungua mabanda.

Na Sekela, fundi wa mfumo, alikuwa ametumwa kwa barua ya mistari mitatu. Haikumwambia atafute tatizo. Ilimwambia athibitishe kwamba mfumo hauna tatizo. Kila alipoikumbuka, damu ilimchemka.

*

Mfumo wenyewe uliitwa Hodi, na aliyeubuni ni yeye.

Miaka tisa nyuma, washika zamu walikuwa wakiingia kwa maneno ya siri yenye herufi kumi na sita. Walikuwa wakiyaandika viganjani, jasho linayafuta. Sekela akasema, kwa nini mtu aingie kazini kwake kama mwizi anayekisia kufuli? Aingie kama anavyoingia kwa jirani. Apige hodi, akaribishwe, aulizwe habari, ajibu. Katika yale maneno machache mashine ingeshika sauti yake, na sauti ya mtu haiibiki kirahisi. Mashine ilifundishwa hata kuwaamkia wakubwa. Wazee wa mabanda walicheka wiki nzima, mlango unasema shikamoo, nao wanaitikia marahaba huku wakijiweka sawa kola. Sekela alipata tuzo na kipande cha keki. Alijivunia sana, hakuna haja ya kuficha.

Sasa alikuwa ameketi kivulini mwa ukuta akiufungua mfumo wake mwenyewe kama daktari anayempasua mwanawe.

Alianza na yale ambayo kila fundi huanza nayo. Mtandao: mzima. Saa ya mashine ya mlangoni na saa ya makao makuu: zinalingana. Kumbukumbu ya mashine: nusu haijatumika. Akavuta orodha ya miingio yote ya miezi sita katika mabanda sitini na matatu. Karibu yote ilikuwa ya sekunde nne. Katikati yake, hapa na pale, zikatokea nyingine. Sekunde tisini na nne. Mia moja themanini na nne. Mia mbili sabini na nne. Ya Mama Nyemo siku ile: mia sita thelathini na nne.

Sekela aliondoa zile nne kwenye kila namba. Tisini. Mara mbili tisini. Mara tatu tisini. Mara saba tisini.

Akazipigia mstari. Waya mbovu hauhesabu. Mtandao ukilegea unalegea ovyo, leo hivi kesho vile. Kitu kinachosubiri sekunde tisini kamili, halafu tisini nyingine kamili, kimeambiwa kisubiri. Mtu alikaa kitini akaandika.

Lakini kwa nini Mama Nyemo? Kwa nini siku ile, wakati mwezi mzima kabla alikuwa akiingia kwa sekunde nne kama watu wengine?

*

Mama Nyemo alikuwa amesimamishwa kazi, kwa hiyo Sekela alimfuata nyumbani, Jumatano saa tatu asubuhi. Alimkuta uani akipepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita, pita huku kwenye kivuli."

"Habari za hapa?"

"Nzuri tu," alisema Mama Nyemo, akamsogezea kigoda. "Tumefiwa tu."

Sekela alikuwa ameshainama kukaa. Akabaki hivyohivyo, nusu amekaa, nusu amesimama. Ndipo alipoyaona maturubai yaliyokunjwa pembeni, viti vya kukodi vilivyopangwa vinasubiri gari, na masufuria makubwa yaliyoinamishwa yakauke.

"Poleni sana, mama. Nani?"

"Dada yangu. Aliyenilea. Tumemzika Jumamosi."

"Na Jumapili ukaenda zamu?"

"Msiba wa ndugu wanatoa siku moja. Nilishaitumia kuosha maiti." Alisema bila kulalamika, akirusha mchele juu, makapi yakienda na upepo. "Nikasema kazi itanisahaulisha."

"Mama, siku ile mlangoni, mfumo ulikuuliza nini?"

"Si yaleyale. Habari za nyumbani. Nikasema nzuri. Ukakaa kimya, kimya, mpaka nikadhani umezimika. Ukauliza tena. Nikasema nzuri. Ukanyamaza tena. Watu nyuma yangu wameanza kunisukuma, mtoto mmoja analia. Nikapiga simu ofisini wanifungulie lile sanduku la ufunguo wa dharura, maana linafunguliwa kwa namba ya kwao. Kijana akaniambia, jaribu tena mama. Mara saba umeniuliza, mara saba nimejibu. Nikadhani hausikii, nikawa napaza sauti."

"Hukuwahi kusema kwamba umefiwa?"

Mama Nyemo aliuweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza alionyesha hasira, na ilikuwa hasira ya mtu aliyeheshimiwa maisha yake yote.

"Nimwambie nani, mwanangu? Mlango? Dada yangu hata udongo haujakauka, nisimame mbele ya watu sitini nimtangaze kwa mlango?"

Sekela aliuokota ungo, akamrudishia. Kila mtu anayemjua hujibu vilevile. Mtu ana mgonjwa ndani, anajibu nzuri. Nyumba imeungua, anajibu nzuri, kisha ndiyo anaeleza, kwa anayestahili kuelezwa. Si uongo. Ni adabu ya kumpa mwenzako nafasi ya kukaa kwanza. Mtu yeyote wa hapa anayejua kuongea analijua hilo.

Mashine hailijui, kwa sababu hakuna aliyeifundisha. Na wa kuifundisha alikuwa yeye.

*

Hakurudi bandani. Alikwenda moja kwa moja makao makuu, akaketi kwenye meza yake, akachimba mpaka akakipata. Kipande cha programu kiliitwa Kipima Kauli, kimepachikwa ndani ya Hodi mwezi wa nne. Kazi yake ilikuwa kulinganisha neno na sauti. Mtu akisema nzuri huku pumzi zinakatika, koo limebana, sauti inatetemeka kwa kiasi ambacho sikio la kawaida halikisikii, kipande hicho kiliamua kwamba huyu ama ameshikiwa silaha ama si yeye. Kinasubiri sekunde tisini, kinauliza tena. Mwisho mara saba. Halafu kinafungua, na kupeleka jina ofisi ya utumishi, kwenye faili la "watumishi wasiotulia". Faili lilikuwa na majina mia mbili na kumi. Kumi na wawili walikuwa wameshaachishwa kazi.

Chini kabisa palikuwa na idhini ya mbunifu wa mfumo. Sahihi ya Sekela.

Akaikumbuka siku yenyewe. Kikao kirefu, chai ya maziwa, mkuu wa uendeshaji akiuliza kama sauti za salamu zinaweza kutumika kuboresha usalama. Alisema sawa. Alisaini huku anatafuta kijiko. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na aibu ile haikuipunguza hasira yake hata kidogo.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Orodha fupi ya watu wasiopimwa, na ndani yake jina moja tu: Ayubu Hizza, mkuu wa uendeshaji. Kabla ya kujiweka pale, mwezi wa tano, Bwana Hizza alikuwa amecheleweshwa mlangoni siku kumi na tisa mfululizo. Kwa hiyo alijua. Alijua mlango unafanya nini, akajitoa yeye, akawaacha wengine.

Alimkuta ofisini anasaini barua.

"Umemaliza ripoti?" aliuliza Hizza bila kuinua kichwa.

"Mzee Masinjisa ameuawa na Kipima Kauli. Na wewe ulijua kinavyofanya kazi tangu mwezi wa tano."

Hizza aliifunika kalamu yake taratibu. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. "Funga mlango, Sekela. Kaa."

"Nasimama."

"Basi simama, unisikilize. Sheria unaijua. Mfumo ukitiliwa shaka mbele ya tume, mabanda yote yanayoutumia yanafungwa mpaka ukaguzi uishe. Ukaguzi wa mwisho ulichukua wiki tatu. Huu ni mwezi wa kumi. Nyuzi arobaini na nane, kila siku, wiki tatu. Watu elfu tisa wanaingia mabanda yale. Piga hesabu wewe, mimi nimeshapiga."

Tangu saa nne Sekela alikuwa ameipiga hesabu hiyohiyo kichwani, na kila mara jibu lilikuwa lilelile.

"Tutakiondoa polepole, baadaye," Hizza aliendelea. "Kwa sasa tuandike kwamba mshika zamu hakujibu mfumo ipasavyo. Si uongo huo. Aliulizwa habari za nyumbani, akasema nzuri. Zilikuwa nzuri?"

"Umemuuliza wewe?"

"Tutamtafutia wakili."

"Umemuuliza wewe, Bwana Hizza, habari za nyumbani?"

Uso wake ulibadilika kidogo, kitu kikapita na kutoweka. "Kesho saa tano, kwenye banda," alisema. "Njoo na ripoti iliyonyooka."

Sekela alitoka. Mtu yule alikuwa ameweka roho elfu tisa mezani kama ngao, akajificha nyuma yake. La kuudhi kuliko yote ni kwamba kuhusu wiki tatu alisema kweli.

Alizunguka uwanja wa makao makuu mara mbili, juani, watumishi wakimtazama dirishani. Akinyamaza, Mama Nyemo anakwenda jela, na kesho mtu mwingine mwenye mgonjwa nyumbani anasimama mlangoni akisema nzuri mara saba. Akisema, anawafungia watu elfu tisa nje. Alirudi mezani kwake saa nane na nusu. Mfumo ukitiliwa shaka, mabanda yanayoutumia yanafungwa. Yanayoutumia. Aliisoma sheria ile mara tatu, kisha akaanza kazi.

Banda moja baada ya jingine, aliifuta Hodi. Sauti, shikamoo, karibu, habari za nyumbani, miaka tisa yote. Mahali pake akafungua yale masanduku ya dharura, na kuwatumia washika zamu ujumbe: kuanzia leo tumieni ufunguo wa chuma uliomo. Sitini na mawili. Hakuwa na kibali cha kufanya hata moja, na kifungu cha kumfunga alikuwa anakijua kwa namba. Lilibaki Banda la Saba. Hilo hakuligusa, maana ndilo shahidi. Alifuta humo jina moja tu, kwenye ile orodha ya wasiopimwa.

*

Alhamisi saa tano na dakika arobaini, tume ilisimama mbele ya Banda la Saba: watu watatu, karani mmoja, na mwenyekiti wao, Hakimu Salha Mketo, mwanamke mfupi mwenye mwavuli mweusi. Mama Nyemo alisimama pembeni, kitenge kizuri, mikono imekunjwa mbele. Joto lilikuwa limeshafika nyuzi arobaini na mbili.

"Naambiwa mfumo huu hauna kasoro," alisema hakimu.

"Hauna, mheshimiwa," alisema Hizza. "Fundi wetu ana ripoti."

"Ninayo," alisema Sekela. "Lakini ingekuwa vizuri tume iuone kwanza ukifanya kazi. Bwana Hizza ana kibali cha kuingia mabanda yote."

Hizza alimtazama, akaona hana sababu ya kukataa. Miezi mitano mlango ulikuwa ukimfungukia kama pazia. Akasogea, akanyoosha tai.

"Hodi."

"Karibu, Ayubu. Umeamkaje? Habari za nyumbani?"

"Salama."

Mlango ukakaa kimya. Hakimu akasubiri. Karani akatazama saa. Hizza akakohoa, akatabasamu, akasema huenda ni mtandao. Sekunde tisini zikaisha.

"Habari za nyumbani?"

"Salama," alisema, kwa sauti kubwa zaidi.

Kimya tena. Jasho lilianza kumtoka nyuma ya masikio. Wakati huo watu wa kwanza wa saa sita walikuwa wameanza kufika na vikapu vyao, wakasimama nyuma ya tume bila kuelewa. Mara ya tatu Hizza aligeuka akamwona Sekela, na Sekela akaona kwamba ameelewa. Hakuyaepuka macho yake. Alikuwa ameingoja dakika hii usiku kucha, alitaka asimame pale mara zote saba, aonje kila sekunde.

"Habari za nyumbani?" uliuliza mlango, mara ya nne, kwa upole uleule.

"Mjibu," alisema hakimu.

"Nimejibu, mheshimiwa."

"Naona hajaridhika."

Hizza aliegemeza kiganja kwenye chuma cha moto. Alipoongea, aliongea chini sana, lakini pale palikuwa kimya na wote walisikia. "Mke wangu amelazwa tangu mwezi wa nne. Hanitambui."

"Karibu ndani," ulisema mlango, ukafunguka.

Sekunde nne. Ubaridi ukawatokea wote miguuni. Hakuna aliyesogea.

Sekela alikuwa amejiandaa kufurahi, na furaha haikuja. Alikuwa amemtaka awe mnyama tu, na sasa alikuwa mnyama mwenye mke hospitalini. Hasira yake haikupungua. Ilikosa tu pa kukaa, ikamrudia mwenyewe. Miaka tisa alikuwa ameifundisha mashine ile kusema karibu kwa lafudhi nne, kuwaamkia wakubwa, kuuliza habari. Ilipopewa habari yenyewe, ilimfungulia mtu mlango kama aliyekwisha kulipa kiingilio. Pole hakuwahi kuifundisha.

Aliyesema pole alikuwa Mama Nyemo. Alimsogelea yule mtu aliyetaka kumfunga, akasimama mbele yake, mikono bado imekunjwa.

"Pole, baba," alisema. "Sikujua. Ungesema tu, tungekuja kumwona."

Hizza aliinamisha kichwa. Hakuweza kumtazama.

Hakimu alifunga mwavuli wake. "Nani aliweka kitu hiki?" aliuliza. "Karani, andika."

"Bwana Hizza aliagiza," alisema Sekela. "Aliijua kazi yake, akajitoa yeye. Kumbukumbu zote ninazo hapa. Lakini swali lile ni la kwangu, na idhini ya kulitumia vile niliisaini mimi. Jana nimeufuta mfumo mabanda sitini na mawili bila kibali. Hayo nayo yaandikwe."

Karani alisita, kalamu juu ya karatasi. "Nianze na jina la nani?"

"La kwangu," alisema Sekela. "Mwambene. Sekela Mwambene."

Alipomaliza kulitaja, alilisogelea sanduku la dharura kando ya mlango, akaingiza namba ya ofisi, akatoa ufunguo wa chuma. Zilikuwa zimebaki dakika kumi saa sita igonge. Alimkabidhi Mama Nyemo ufunguo mbele ya tume, na Mama Nyemo hakuuliza kama ameruhusiwa. Aligeukia watu waliojipanga juani, akawaambia waingie, wazee kwanza.